Mama ameombwa kuingia kwenye utafiti wa goti katika kliniki binafsi: tukubali?

Mwana-Mikindani:
Ndugu zangu, habari za jioni. Mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 63, anasumbuliwa na goti lililosagika; msimu huu ameokota korosho akiwa ameketi kwenye kigoda, akijivuta kutoka mkorosho mmoja hadi mwingine, kwa sababu kuinama hawezi. Wiki iliyopita tulimpeleka kwenye kliniki binafsi hapa Mtwara mjini, ambako tulielezwa kwamba kuna utafiti wa sindano inayotengenezwa kwa damu ya mgonjwa mwenyewe. Tulipewa karatasi mbili za Kiingereza, mahali pa kusaini pakiwa pamekwishatiwa alama ya kalamu, na tukaambiwa tuchangie gharama ya sindano. Mama yuko tayari hata leo; mimi ninasita. Je, kliniki binafsi inaruhusiwa kufanya utafiti wa namna hiyo?

Muuguzi wa Masasi:
Inaruhusiwa. Marekani majaribio mengi ya tiba za mifupa hufanyika katika kliniki binafsi, na mara nyingi mfadhili humlipa daktari kwa kila mgonjwa anayesajiliwa, jambo ambalo mgonjwa anastahili kulijua. Hapa kwetu utafiti unahitaji kibali cha maadili kinachopitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na kama kinachojaribiwa ni dawa au kifaa tiba, kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, pia. Ombeni namba ya kibali, ombeni fomu ya ridhaa ya Kiswahili ambayo nakala yake mtaondoka nayo, na muulize nani atagharamia matibabu goti likipata maambukizi. Mama ana haki ya kujitoa wakati wowote bila kunyimwa huduma zake za kawaida. Hilo la kuchangia ndilo lililonishtua: anayejaribiwa kitu ambacho faida yake bado haijulikani hauziwi kitu hicho.

Kipara wa Nachingwea:
Naongeza moja, kwa sababu wengi wetu tukisikia utafiti tunaelewa tiba mpya. Katika jaribio la kweli wagonjwa hugawanywa kwa bahati nasibu, na huenda mama akaangukia kundi lisilopata dawa yenyewe. Sindano hiyo ya chembe sahani, yaani chembe za damu zinazosaidia damu kuganda, ilipimwa Australia kwa watu 288 wenye magoti yaliyosagika, baadhi wakichomwa maji ya chumvi pasipo kujua. Matokeo yaliyotoka mwaka 2021 yalionyesha kwamba baada ya miezi 12 nafuu ya maumivu haikutofautiana kwa kiwango cha maana. Kwa hiyo kama kliniki hiyo haina kundi la kulinganishia na kila mtu analipa, basi hiyo ni biashara ya sindano iliyovikwa koti la utafiti.

Mwana-Mikindani:
Nawashukuru sana. Leo asubuhi nimekwenda kuomba namba ya kibali, nikaambiwa daktari amesafiri, nirudi Jumatatu. Mama nimemsomea majibu yenu yote. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza kama wale waliochomwa maji ya chumvi nao walichangia.