Ushauri: Nina bodi ya Ford Model A ya 1930, nataka kuijengea chesisi ya hotrodi

FundiOhio
Wakuu, habari za majukumu. Nipo Ohio, nachomelea vyuma kiwandani, na jioni nashinda kwenye gereji ya nyumbani. Nimepata bodi ya Ford Model A ya 1930, ya milango miwili, iliyokuwa imelala kwenye ghala la mkulima. Kutu imekula sakafu na sehemu ya chini ya milango, ila juu kote bati ni zima. Chesisi yake ya asili, yaani fremu ya chini inayobeba gari, ipo, lakini imepinda mbele na waliopita wameitoboa matundu kila mahali.

Nataka hotrodi (gari la zamani lililobadilishwa na kutiwa injini yenye nguvu) ya kutembelea barabarani, siyo ya kubebwa kwa trela kwenda maonyesho. Nina injini ya Chevrolet 350, V8 ya silinda 8, na giaboksi yake ya otomatiki, pamoja na difu (ekseli ya nyuma inayogawa nguvu kwa matairi) ya Ford ya inchi 9. Je, niinyooshe chesisi hii niiimarishe, au nijenge mpya kwa bomba la mstatili? Na vipimo naanzia wapi? Wanangu watapanda gari hili, sitaki kubahatisha.

Mzee wa Spana
Hongera sana, bodi za chuma halisi za miaka ile zinazidi kuadimika.

Chesisi ya Model A ina reli, yaani mihimili miwili mirefu ya pembeni, zenye umbo la C, wazi upande wa ndani. Ilitengenezwa kubeba injini ya silinda 4 yenye nguvu farasi 40. Ukiipachika V8 yako bila kuiimarisha itajisokota. Ingekuwa imenyooka ningekwambia uzibe ule upande ulio wazi kwa bamba, ukichomelea vipande vifupi na kuhamahama, mara mbele kulia, mara nyuma kushoto, ili joto lisiivute. Lakini kwa hali uliyoeleza, jenga mpya. Bomba la inchi 2 kwa 4 lenye ukuta wa inchi 0.120, yaani kama milimita 3, linatosha kwa gari la barabarani. Wapo wanaotumia la inchi 3/16. Mimi naona ni kuongeza uzito tu.

Ila usikate wala kuuza hiyo ya zamani kabla hujatafuta namba. Kwenye Model A namba ya injini iligongwa pia juu ya reli ya kushoto, mahali panapofunikwa na bodi. Ilinganishe na hati ya umiliki, kisha nenda ofisi ya usajili ukaulize wanataka nini ukibadilisha chesisi. Fanya hivyo kabla ya kununua hata futi moja ya chuma.

BintiMekanika
Nianze na swali la vipimo, maana ndilo linaloamua mengine.

Anza na matairi, kaka. Nunua rimu na matairi utakayotumia kweli, siyo ya kuazima. Iweke bodi juu ya stendi kwenye sakafu iliyo sawa, kwa kimo unachotaka gari likae likiwa na mzigo wote. Sogeza matairi mpaka yakae vizuri kwenye nafasi zake, halafu weka injini na giaboksi. Sasa chora chesisi ya kuunganisha vitu hivyo vyote. Wengi wanaanza na reli, kisha wanahangaika mwaka mzima kwa sababu difu inagonga chuma au rejeta haina pa kukaa.

Umbali wa asili kati ya ekseli ni inchi 103.5. Ford ya 1932 ilikuwa na 106, na ndiyo maana watu wengi wanapenda kuweka bodi ya Model A juu ya chesisi ya namna ile: V8 inapata nafasi bila kukatakata ukuta wa mbele wa bodi. Kwako ningeisogeza ekseli ya mbele ielekee mbele zaidi, inchi mbili hivi.

Nyuma, reli lazima ipande juu ya ekseli. Acha angalau inchi 3 za difu kupanda kabla ya kugonga. Na chini, pasiwe na bomba, bolti wala pembe ya chesisi iliyoshuka kupita ukingo wa chini wa rimu. Tairi ikipasuka, gari litalalia rimu. Kikitangulia kitu kingine kugusa lami, huna usukani tena. Hapo sikubali mjadala wa urembo.

Chuma cha Mjerumani
Naunga mkono, ila dada hajagusia sasponsheni ya mbele. Kwa bodi hii weka ekseli ya kipande kimoja na springi moja ya majani iliyolala kwa upana, kama Ford walivyofanya. Sasponsheni ya mbele ya Ford Mustang II, ambayo kila gurudumu linacheza peke yake, ni nzuri, lakini chini ya Model A isiyo na madigadi inaonekana yote, na haipendezi. Kingipini (pini ambazo magurudumu ya mbele hugeukia) zilalie nyuma nyuzi 5 hadi 7, la sivyo usukani utatetemeka ukiongeza mwendo. Ukitumia boksi la usukani linalosukuma fimbo yake kwa upana wa gari, weka fimbo ya Panhard, inayozuia ekseli kuhama kushoto na kulia, iwe sambamba na fimbo ya usukani na urefu unaokaribiana. Zisipokuwa sambamba, kila tuta litakugeuzia gari.

FundiOhio
Nashukuru sana, dada na wakuu. Nimeipata namba, inasomeka na inalingana na hati. Matairi nanunua kwanza. Maswali mawili: jigi ya kushikilia chesisi wakati wa kuchomelea naitengeneza vipi, na silinda kuu ya breki inakaa wapi wakati ukuta wa mbele ni mwembamba hivi?

BintiMekanika
Jigi: mihimili miwili mizito iliyonyooka, uisawazishe kwa pima maji, ubane reli juu yake. Shikiza kila kitu kwa nukta ndogo za kuchomelea kwanza. Pima mshazari kona kwa kona. Vipimo viwili visipolingana, usiendelee. Injini ilalie nyuma kama nyuzi 3, na pinioni ya difu (gia yake inayopokea nguvu ya injini) iinuke kiasi hicho hicho, viwe sambamba. Weka bodi juu, ujaribu kila kitu, uishushe, ndipo uchomelee moja kwa moja.

Mzee wa Spana
Silinda kuu iweke chini ya sakafu, kwenye reli ya kushoto, na uipe tundu la kujazia mafuta. Ikikaa chini ya kimo cha kalipa (kibanio cha breki ya diski), mafuta yatarudi yenyewe, kwa hiyo weka vali za kubakiza presha: psi 2 kwa upande wa diski, psi 10 kwa upande wa ngoma. Chagua silinda yenye vyumba viwili, ili upande mmoja ukivuja mwingine ushike.