Mrejesho: Taa ya ABS na kompyuta za gari zilizopoteza mawasiliano

Nawashukuru wakuu mlionishauri kuhusu gari langu, ambalo taa ya ABS (mfumo wa breki unaozuia magurudumu kujifunga) iliwaka kila baada ya mvua huku mashine ya kusoma makosa ikionyesha U0121, yaani kompyuta nyingine zimepoteza mawasiliano na ile ya breki. Fundi wa umeme wa magari hapa Nyakato, Mwanza, alichomoa betri, akasubiri kidogo, kisha akapima ukinzani kati ya pini ya 6 na ya 14 kwenye soketi ya kuchomekea mashine hiyo, iliyo chini ya usukani. Mita ilisoma omu 120 badala ya 60. Rezista (vipande vya kukinza umeme) mbili za omu 120 zilizo kwenye ncha za njia ya mawasiliano ya kompyuta hizo hutoa 60 zikiunganishwa sambamba, hivyo moja ilikuwa haifikiwi. Kwenye gari hili, rezista moja imo ndani ya kompyuta ya ABS. Plagi yake ilipofunguliwa, pini moja ilikuwa imeota ukungu wa kijani, na waya ulichomoka ulipovutwa kidogo. (Aliyenihimiza ninunue kompyuta iliyotumika angenitia hasara ya bure.) Pini imebadilishwa, jozi ya waya za mawasiliano imesokotwa upya kama ilivyokuwa, na mita sasa inasoma 60. Mvua kubwa imeshanyesha, taa haijawaka.