Mjadala: Mwanafunzi wa uuguzi akifiwa na mgonjwa, amalize zamu kama kawaida?

Wanajamvi, salaam.

Mwanafunzi wa uuguzi anatoka kidato cha nne, pengine ana miaka 18. Muda si mrefu yuko wodini na kitabu chake cha mazoezi. Kitabu kinamdai sindano, presha, akina mama aliowazalisha. Hakina ukurasa wa kuandika kwamba leo, kwa mara ya kwanza, amefunga taya la marehemu kwa bandeji.

Nilikuwa mwaka wa pili, leba. Mama alijifungua, damu ikagoma kukata. Tukamkanda mji wa uzazi, tukampa oksitosini, dawa ya kuukaza, na dripu mikono yote miwili. Alifariki saa kumi alfajiri. Niliambiwa nimsitiri, na kabla sijamaliza sista akaita, "Haya, kitanda namba tatu anasukuma!" Nikaenda. Wiki tatu nilisikia harufu ya damu kwenye chakula, nikaanza kukwepa zamu za usiku. Chuo kiliniandikia utoro. Hakuna aliyeuliza sababu.

Hoja yangu: zamu isiishe kabla mkufunzi hajakaa na mwanafunzi huyo, hata nusu saa. Amweleze kama lilikuwepo kosa au halikuwepo, maana hilo ndilo linalokesha nawe. Amuulize usiku huo atalala na nani. Akipumzika kesho yake, isihesabiwe utoro.

Mchangiaji: Mleta mada, niko kazini mwaka wa 15. Usiku tuko wauguzi wawili, wodi imejaa mpaka chini. Nusu saa hiyo itoke wapi? Sisi tulizoea bila kubembelezwa. Mkiwadekeza, siku ikiletwa ajali ya basi watakimbia.

Mleta mada: Sista, shikamoo. Mzigo wako naujua, ndiyo maana nimesema mkufunzi wa chuo, sikusema wewe. Ila hilo la kuzoea nalipinga. Agosti 10, 2019 lori la mafuta lilipolipuka Msamvu, Morogoro, waliokufa walizidi 100. Siku kama ile kila mkono unahitajika, na mkono unaotetemeka kwa kifo cha mwezi jana hauwezi kuingiza kanula, kile kimrija cha dripu, mshipani. Na baadhi ya waliozoea nimewasikia leba wakimfokea mama anayelia kwa uchungu. Wameacha kusikia.

Kifo chako cha kwanza wodini, sista, ulimsimulia nani?