Tasnifu ya uzamili kuwa makala: nipeleke jarida gani, na jina la nani litangulie?

Mlingotini_Kwetu
Hamjambo wakuu. Nipo Bagamoyo, mhadhiri msaidizi mwaka wa kwanza. Tasnifu yangu ina kurasa 112, inahusu joto la maji na kufa kwa mwani aina ya kotonii. Kuna jarida limeniandikia barua pepe, "Mtafiti Mheshimiwa", linaahidi jibu ndani ya siku 4 kwa ada ya dola 150. Nilipe? Kurasa zote hizo nazipunguzaje? Na msimamizi wangu ndiye atangulie jina?

Kalamu_Raskazone
Usilipe. Uhakiki wa kweli hauishi siku 4. Mhariri husoma kwanza, halafu anatafuta wahakiki wawili au watatu. Wengi hukataa, na anayekubali hupewa wiki kadhaa. Ukisubiri miezi mitatu hadi sita usishtuke.

Jarida lolote likague hivi. Litafute kwenye DOAJ, orodha ya majarida yanayosomwa bure mtandaoni, kwa namba ya ISSN (namba ya utambulisho wa jarida), si kwa jina, maana wapo wanaoiba jina la jarida halali na kufungua tovuti pacha. Chukua majina mawili ya bodi ya wahariri, uone kama kurasa zao za chuo zinalitaja jarida hilo. Kisha soma makala mbili za toleo la karibuni: ukikuta za udongo, ndoa na benki zimekaa pamoja, ondoka. Kuwamo AJOL, tovuti inayokusanya majarida ya Afrika, ni dalili nzuri, ila si cheti. Majarida ya barua pepe ni kama sisi watu wa Tanga tunavyosemwa, waja leo waondoka leo: tovuti ikizimwa, makala yako imezama nayo, na huwezi kuipeleka kwingine kwa kuwa ilishachapishwa.

Kwa mwani, anza na Western Indian Ocean Journal of Marine Science la WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari wa Magharibi mwa Bahari ya Hindi, ambao makao yao ni Zanzibar. Wasomaji wake wanaijua kotonii, hutapoteza ukurasa kuwaeleza.

Kuhusu ada: Tanzania imo Kundi A la Research4Life, mpango unaozipa nchi za kipato kidogo majarida bure au kwa bei nafuu, na wachapishaji wakubwa wengi hufuta ada yote kwa nchi za kundi hilo. Msamaha huo kwa kawaida ni wa majarida yaliyo wazi kikamilifu (makala zote husomwa bure), si yale ya mseto (baadhi bure, nyingine za kulipia). Omba siku unapowasilisha. Ukisubiri makala ikubaliwe ndipo uombe, wengi watakujibu umechelewa.

BiMshumaa
Mwanangu, usianze kwa kukata kurasa, utachoka bure. Fungua faili jipya. Weka majedwali na grafu nne au tano zinazojibu swali MOJA, mathalani: joto likipita kiwango gani kotonii huanza kufa, na spinosamu, ile aina nyingine ya mwani, je? Andika matokeo ukiyafuata hayo, kisha mbinu, mjadala, utangulizi, na ikisiri iwe ya mwisho. Mapitio ya maandiko ya kurasa 30 yawe maneno 500 hadi 700. Jumla maneno 5,000 au 6,000. Dodoso la wakulima likijibu swali tofauti, hilo ni makala ya pili. Lakini usigawe vipimo vya bwawa moja mara tatu, wahariri huliona.

Mambo mawili huwarudisha wengi mlangoni. Namba ya kibali cha maadili haikuandikwa, hasa panapokuwa na mahojiano. Na tasnifu iliyopo kwenye hazina ya chuo huonekana kama wizi wa maandishi mashine ikipima ufanano. Itaje kwenye barua kwa mhariri, na sentensi uziandike upya.

Jina: kwa makala ya tasnifu, aliyekusanya data na kuandika ndiye hutangulia, msimamizi hukaa mwisho. Masharti ya ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ambayo hata majarida mengi yasiyo ya tiba hufuata, ni manne na yote lazima: kuchangia usanifu, data au uchambuzi; kuandika au kusahihisha kwa kina; kuidhinisha nakala ya mwisho; kukubali kuwajibika. Aliyetoa boti tu anaingia kwenye shukrani. Mpelekee msimamizi orodha ya majina kwa barua pepe KABLA ya rasimu, kwa adabu: "Shikamoo Profesa, napendekeza mpangilio huu, naomba maoni yako." Makala ikishakamilika mazungumzo hayo huwa machungu.

Ngalawa77
Naongeza na kumpinga Kalamu kidogo. Kabla ya kuchagua jarida, omba mwongozo wa upandishaji vyeo wa taasisi yako, uone ni majarida gani yanahesabiwa na alama hugawanywaje waandishi wakiwa wengi. Kama wanadai Scopus, kanzidata ya kimataifa ya majarida, hakikisha kwenye orodha ya Scopus yenyewe, usiamini nembo iliyobandikwa kwenye tovuti ya jarida.

Na jina lako, ndugu. Sisi tuna majina matatu na hatuna ukoo wa mwisho kama wazungu wanavyotaka. Ali Juma Hamisi anaweza kutokea "Hamisi A.J." hapa, "Juma A." pale, na makala zake zikaonekana za watu wawili. Chagua namna moja leo, jisajili ORCID, daftari la kimataifa la utambulisho wa watafiti, bure upate namba yako ya tarakimu 16, na utumie barua pepe binafsi pamoja na ya chuo. Ya chuo hufungwa mkataba ukiisha, na maswali ya mhariri huenda huko.

Mlingotini_Kwetu
Ahsanteni sana. Bi Mshumaa, vipimo vyangu vya joto ni vya miezi 7 tu. Vinatosha?

BiMshumaa
Vinatosha ikiwa vimeugusa msimu wa joto, Desemba hadi Machi. Kama vyote ni vya kusi, badilisha swali, usinyooshe data.