Zimebaki siku tatu turudishe RV: tupitie Badlands au twende nyumbani moja kwa moja? Naomba ushauri

Mkaazi wa Ziwani (Ijumaa usiku)

Salamu kwenu wakuu. Mimi na mke wangu tunaishi Minneapolis, na majira haya ya joto tulikodi RV, lile gari lenye kitanda, jiko na choo ndani yake, tukaenda Yellowstone na kurudi kwa kupitia milima ya Black Hills. Leo ni usiku wa kumi na mbili na tumeegesha nje kidogo ya Rapid City. Gari linatakiwa kurudi Jumatatu kabla ya saa 4 asubuhi, na mbele yetu kuna karibu maili 600. Mimi ningependa kesho tuingie Badlands, ile hifadhi ya miamba iliyo njiani, tulale usiku mmoja Sage Creek ambako kambi haina malipo, kisha Jumapili tuendeshe hadi nyumbani. Mwenzangu anataka tuondoke alfajiri na turudishe gari kabla ya siku yake. Tumelivuta jambo hili tangu jana, na sasa mazungumzo yetu yamebaki ya kuulizana chumvi iko wapi. Naomba waliowahi kupita njia hiyo wanieleze kama siku moja ya Badlands inatosha, na kama kuna faida yoyote ya kurudisha gari mapema. Naomba kuwasilisha.

Msafara wa Tabora (Ijumaa usiku)

Siku moja inatosha kabisa, ndugu mleta uzi. Ingieni kwa barabara namba 240 mapema asubuhi, kwa sababu ikifika saa 6 mchana ile miamba inakuwa kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Mkitoka, piteni pale Wall mnywe kahawa ya senti 5, ambayo ni kahawa nyepesi lakini kwa bei hiyo hakuna mwenye haki ya kulalamika. Nashangaa kidogo kwamba mmepata mahali pa kuegesha karibu na Rapid City wiki hii, maana waendesha pikipiki wamejaa Sturgis, kama ilivyo kila Agosti.

Mama wa Watatu (Ijumaa usiku)

Mwanangu, mimi sitazungumzia miamba. Watu wawili wakikaa siku kumi na mbili ndani ya chumba chenye upana wa kitanga cha mkono, halafu mmoja akaomba warudi nyumbani, hapo haombi kurudisha gari. Baba watoto na mimi tulisafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza mwaka wa kwanza wa ndoa, na tulipofika Shinyanga nilikuwa tayari nimekwisha kupanga namna ya kurudi kwa mama yangu. Msikilize mkeo.

Dereva Mstaafu (Ijumaa usiku)

Kabla ya yote, mleta uzi, hakikisha umemwaga tangi la choo kabla ya kurudisha gari, na ulimwage kabla ya tangi la maji ya kuoshea vyombo, ili maji ya vyombo yasafishe bomba. Mimi mwaka wa kwanza nilifanya kinyume, tena bila glavu, na valvu ikagoma kufunga mbele ya familia moja ya wazee waliokuwa wakinywa chai. Sitasimulia zaidi. Nimeendesha magari haya kwa miaka tisa na jambo moja nalijua: hakuna mtu anayerudisha siku aliyokwisha kuilipia bila sababu. Mkeo anaogopa nini?

Mkaazi wa Ziwani (Ijumaa usiku)

Nawashukuru wote. Mama, nimekusikia. Mzee Dereva, haogopi kitu chochote kikubwa. Kuna mkwaruzo kidogo juu ya paa, tuliupata juzi kwa tawi la msonobari, na yeye ana wasiwasi kwamba mvua ikinyesha maji yataingia. Gundi ya kuzibia paa nimeshainunua. Swali langu lilikuwa la Badlands.

Dereva Mstaafu (Ijumaa usiku)

Wasiwasi kwamba yataingia, au yameshaingia?

Mkaazi wa Ziwani (Ijumaa usiku)

Yameshaingia. Kile kifuniko cha plastiki cha tundu la hewa lililo juu ya kitanda kimeondoka, na ukingo wake umepasuka kiasi cha urefu wa kiganja. Jana usiku ilinyesha mvua ya radi kwa saa nzima. Tuliweka sufuria yetu ya ugali katikati ya kitanda, yeye akalala upande wa dirisha na mimi upande wa mlango, na kila tone lilipoanguka nilijua kwamba yuko macho, na yeye alijua kwamba mimi niko macho. Darini kuna doa lililokuwa na ukubwa wa kisahani. Asubuhi lilikuwa sahani.

Fundi Bati (Ijumaa usiku)

Naomba nizungumze kama mtu anayeishi kwa kazi hii. Gundi ya paa la RV ni ile nyeupe inayojisambaza yenyewe, na huwezi kuipaka juu ya unyevu ukategemea ishike. Hata ukiipaka vizuri, gundi mpya hung'aa kama meno ya mtoto huku gundi ya zamani iliyoizunguka imeshakuwa rangi ya vumbi, na mkaguzi akipanda ngazi ataiona kabla hajafika juu. Wanaokodisha magari haya hupiga picha paa kabla ya kukupa ufunguo. Kwa usiku huu funika kwa turubai, funga kwa kamba kupitia milango ya mbele, na hiyo gundi iache ndani ya kopo.

Kijana wa Kariakoo (Ijumaa usiku)

Sema ni mvua ya mawe, mkuu. Hapo mlipo ni Dakota Kusini. Mwaka 2010, tarehe 23 Julai, katika kijiji cha Vivian kilicho kando ya hiyo hiyo njia yenu ya kurudi nyumbani, lilianguka jiwe la barafu lenye kipenyo cha inchi 8, na mpaka leo ndilo kubwa kuliko yote yaliyowahi kurekodiwa Marekani. Nani atakubishia?

Binti wa Bima (Jumamosi alfajiri)

Atambishia mtu yeyote anayejua kwamba mvua ya mawe haichagui kifuniko kimoja na kuacha paa zima bila kibonyeo, wala haiachi utomvu wa msonobari. Mimi nafanya kazi ya madai ya bima, kaka, na kuna swali moja tu ambalo tungekuuliza kabla ya mengine yote, nawe umekuwa ukiandika "tuliupata" kana kwamba gari lilijiendesha. Nani alikuwa kwenye usukani?

Mkaazi wa Ziwani (Jumamosi alfajiri)

Mke wangu. Jina lake halimo kwenye mkataba, kwa sababu dereva wa pili alikuwa analipiwa kila siku na mimi niliona kwa siku kumi na tano hiyo ni fedha ya kutupa, kwa kuwa nilikusudia kuendesha mwenyewe. Siku ya tisa mgongo ulinikamata, akanipokea. Naomba kabla hamjanihukumu mnielewe. Ana usaili wa uraia mwezi Septemba, nami sitaki jina lake liandikwe kwenye karatasi yoyote ya ajali, hata iwe ya tawi la mti. Nimeshaandika barua pepe ya kuieleza kampuni kwamba mimi ndiye niliyekuwa naendesha. Sijaituma. Yeye ameisoma na ndiyo maana anataka tufike mapema, aongee nao mwenyewe ana kwa ana. Anasema siku ya usaili ataapa kusema kweli, na hataki kwenda kuapa huku nyuma yake kuna barua ya namna hiyo. Mimi naona ninamlinda. Mume yeyote angefanya hivyo.

Mama wa Watatu (Jumamosi asubuhi)

Unamlinda yeye au unazilinda zile dola ulizobania? Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu, na ya kwako ina maili 600 tu.

Binti wa Bima (Jumamosi asubuhi)

Tutenganishe mambo mawili ambayo kaka ameyachanganya. Kuendesha gari bila kuwa kwenye mkataba ni kuvunja mkataba. Mbaya zaidi linaloweza kutokea ni bima kukataa, nanyi mkalipa matengenezo kutoka mfukoni, kuanzia kwenye dhamana mliyoweka. Hilo ni deni, na deni hulipwa, hata kwa awamu. Kuandika maelezo ya uongo ili bima ilipe ni udanganyifu, na udanganyifu ndio karatasi ambayo hutaki iwepo. Isitoshe, someni mkataba wenu upya, kwa sababu baadhi ya kampuni humkubali mwenzi wa ndoa bila ada na nyingine humtaka aandikwe kwa jina. Huenda umekesha kwa sababu ya kifungu ambacho hujakisoma.

Mhakiki (Jumamosi asubuhi)

Wakuu, mimi nasikia harufu ya chai humu, tena chai ya maziwa. Akaunti ya mleta uzi imefunguliwa jana. Anasema atalala Sage Creek, ambako RV ya zaidi ya futi 18 hairuhusiwi, na hajatuambia urefu wa gari lake. Anasema ni tawi la msonobari, lakini hasemi la wapi. Jana kulikuwa na mkwaruzo, saa moja baadaye kukawa na sufuria kitandani, leo alfajiri kuna uraia. Nikisubiri hadi jioni nitaletewa nyati. Aweke picha ya paa au uzi ufungwe.

Kijana wa Kariakoo (Jumamosi asubuhi)

Hata mimi ile sufuria ilinitia shaka. Ilikuwa nzuri mno.

Msafara wa Tabora (Jumamosi asubuhi)

Na mimi niliuliza mapema namna walivyopata nafasi wiki ya Sturgis, sikujibiwa.

Mkaazi wa Ziwani (Jumamosi asubuhi)

Akaunti ni mpya kwa sababu ile ya siku zote mke wangu anaijua. Nafasi tuliilipia tangu Machi. Picha siweki, kwa kuwa namba ya kampuni imeandikwa juu ya paa kwa herufi kubwa. Gari lina futi 25, na hilo la Sage Creek sikulijua, nakiri.

Mhakiki anataka kujua tawi lilikuwa wapi. Lilikuwa kwenye Needles Highway, ndani ya hifadhi ya Custer, na nilitumaini hakuna atakayeuliza, kwa sababu anayeijua barabara hiyo anajua kwamba mbele yake kuna tundu lililotobolewa kwenye mwamba, ambalo upana wake hauzidi futi 8 na inchi chache. Mke wangu aliliona bango la vipimo akapunguza mwendo. Mimi, niliyekuwa nimeshika simu yenye ramani ya magari madogo, nikamwambia aendelee, kwamba mabango yale ni ya mabasi. Aliendelea kwa kuniamini. Tulipoona lile tundu ikabidi arudi nyuma, magari sita yakiwa yamejipanga mgongoni mwetu, hadi sehemu ya kugeuzia, na hapo ndipo tawi lilipoingia juu. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshuka kumwelekeza. Nilikuwa natazama matairi.

Dereva Mstaafu (Jumamosi asubuhi)

Mhakiki, hayo hayatungwi. Kila anayeelekeza RV kurudi nyuma hutazama matairi. Nilipoteza ngazi ya nyuma na taa mbili kwa namna hiyo hiyo, na aliyekuwa akinielekeza ni kaka yangu wa damu.

Mhakiki (Jumamosi asubuhi)

Nimeelewa. Lakini ungeyaeleza haya tangu jana.

Mkaazi wa Ziwani (Jumamosi mchana)

Hatukuingia Badlands, tumeiona kwa mbali upande wa kulia, kama meno yaliyooza. Karibu na Murdo saa zilisogea mbele, tukapoteza saa moja bila kufanya kosa lolote. Tumesimama Chamberlain, juu ya mto Missouri, pale penye sanamu kubwa ya mwanamke aliyejitanda shuka la nyota. Mkataba nimeusoma: unataka jina, na jina lake halimo. Mke wangu yuko nje, kando ya turubai alilolifunga mwenyewe, na simu iko sikioni tangu dakika ishirini zilizopita. Nasikia muziki wa kusubiria kupitia dirishani. Barua yangu bado ipo kwenye simu. Sijaifuta, na bado naona ilikuwa na nia njema.

Ameanza kuongea. Amelitaja jina lake, herufi kwa herufi.

Shangazi Tanga (Jumamosi jioni)

Samahani wapendwa, nimechelewa kuuona uzi. Mleta uzi, gari kama hilo mlilikodi kwa dola ngapi kwa siku, na je, kitanda kinamfaa mtu mzima mwenye magoti mabovu? Nataka kumpeleka mama Yellowstone mwakani.