Kupoza mtutu ukiwa renji: feni ya chemba, pampu ya godoro au taulo la maji?

Mzawa_Kigamboni

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kabla Jumamosi haijafika. Nimefunga darubini mpya kwenye raifo yangu, na wikiendi iliyopita nilikwenda renji, uwanja wa shabaha, kuisawazisha ili risasi iende ninapolenga. Risasi tatu za mwanzo zilikaa pamoja, kizibo cha soda kingezifunika zote. Baada ya hapo mtutu ukapata moto na matundu yakaanza kutambaa, yanapanda juu na kwenda kulia. Nikawa nafukuzana nayo kwa kuzungusha darubini mpaka risasi zikaisha. Bei ya risasi mnaijua.

Sasa nataka kununua kitu cha kupoza mtutu. Kuna feni ndogo ya betri inayokaa pale maganda yanapotokea na kupuliza hewa ndani ya mtutu, lakini hiyo mpaka niagize nje. Kuna pampu ya godoro la upepo, Kariakoo nimetajiwa 35,000, nitaiunga na mpira mwembamba. Halafu rafiki yangu anasema nisitupe hela, taulo lililoloa linatosha. Nichukue ipi?

Kaskazi88

Pampu, mkuu. Mimi ninayo ya kuchomeka kwenye gari, nimeiunga na mpira wa tangi la samaki, naingiza upande wa chemba, pale risasi inapokaa. Boliti, lile komeo la nyuma, liko wazi, pampu inapuliza, mimi nakunywa maji kivulini. Feni ya betri ni hela nyingi kwa upepo mdogo.

Binti_Kisarawe

Kaka Mzawa, hujatuambia kitu. Raifo ya ukubwa gani? Mtutu mwembamba wa kuwindia au mnene wa kulengea shabaha? Ulipiga ngapi, kwa muda gani? Ulikuwa juani au kivulini? Kitako ni mbao? Mtutu unagusa mbao kwa mbele au umeachiwa nafasi? Na unasawazisha kwa ajili ya nini, mashindano au pori? Hapo unataka dawa na hujapimwa.

Mzawa_Kigamboni

Samahani dada yangu. Ni .30-06, mtutu mwembamba, kitako cha mbao, niliinunua ikiwa imeshatumika. Nilipiga 15 ndani ya dakika kama ishirini, saa saba mchana, juani. Mwezi ujao nakwenda kuwinda na shemeji, kibali tunacho. Hilo la kugusa sijui. Naangaliaje?

Binti_Kisarawe

Kumi na tano kwa dakika ishirini, mtutu mwembamba, jua la Dar la saa saba! Kwa kweli ungeshangaa kama matundu yangetulia.

Fanya hivi nyumbani. Hakikisha hakuna risasi, toa boliti kabisa. Chukua noti ya elfu, ipitishe kati ya mtutu na mbao kuanzia ncha ya mbele ya kitako, ivute kurudi nyuma mpaka karibu na chemba. Ikipita bila kukwama, mtutu umeachiwa. Ikikwama, mbao inausukuma mtutu, na ukipata moto unasukumwa zaidi. Matundu yanayotembea upande mmoja kila siku mara nyingi yanatoka hapo. Feni haitaondoa hilo, itakuchelewesha tu kuliona.

Fundi_Chuma

Niongezee kwa dada. Chuma kinatanuka. Mtutu wa sentimita 60 ukipanda nyuzi 60 unarefuka karibu milimita 0.4. Ukiwa huru hakuna shida, unarefuka kwa kunyooka. Ukiwa umebanwa na mbao upande mmoja, unapinda. Na ipo mitutu ambayo ilinyooshwa kiwandani ikabaki na mkazo ndani ya chuma. Hiyo hata ukiiachia nafasi itahama ikipata moto.

Baruti ya .30-06 ni kama gramu tatu na nusu. Takriban theluthi ya nguvu yake inasukuma risasi, inayobaki inaondoka na gesi na nyingine inaingia kwenye chuma chako. Mtutu mwembamba hauna pa kuuweka moto huo.

Kuhusu kununua, mimi nipo na rafiki yako. Taulo. Sikilizeni hesabu. Chukua mtutu wa kilo 1.2, utake kuushusha nyuzi 40. Moto wa kuondoa ni kilojuli 24 hivi. Gramu moja ya maji ikigeuka mvuke inabeba zaidi ya kilojuli 2. Kwa hiyo gramu 10 za maji, vijiko viwili vya chai, zikikauka zote juu ya mtutu, kazi imekwisha. Hewa ya pampu inahitaji dakika nyingi kufanya kazi ya vijiko viwili. Tena hewa yenyewe Februari ni ya nyuzi 32, huwezi kushuka chini ya hapo hata ukipuliza mpaka Magharibi.

Chui_wa_Rufiji

Fundi, hesabu zako sizipingi, lakini naomba niseme yaliyonipata ili kijana asije akalia kama mimi.

Nina .375 aliyoniachia baba, kitako cha mbao ya jozi, kizuri kuliko bunduki yenyewe. Mwaka ule nilikuwa najiandaa kwa safari ya nyati. Niko renji, mtutu umechemka, pembeni nina kasha la barafu lenye vinywaji. Nikaona mbona maji ninayo. Nikachukua kitambaa nikachovya mle kwenye maji ya barafu, nikauzungushia mtutu. Ukafuka mvuke, nikafurahi. Nikarudia mara tatu, ya nne nikaona kitambaa kinachelewesha, nikamimina kwa chupa moja kwa moja. Baada ya dakika mbili mtutu wa baridi kabisa. Nikapiga, matundu mazuri. Nikafuta kwa nje, nikatia bunduki kwenye mfuko wake wa turubai, nikaondoka. Foleni ya Kimara mnaijua, kwa muda wa saa mbili na nusu bunduki imefungwa nyuma ya gari, jua linawaka. Kufika nyumbani nimechoka, nikaingiza kabatini hivyohivyo na mfuko wake.

Siku kumi na mbili baadaye naitoa. Juu inang'aa. Nikasema ngoja nipige risasi mbili za kuhakikisha kabla ya safari. Kwenye mita mia moja, tundu la kwanza liko kushoto kwa upana wa kiganja. La pili hapohapo. Nikadhani darubini imelegea, nikakaza skrubu zote, wapi. Nikaenda kwa fundi, akafungua kitako. Wakuu, nilitaka kulia. Chini ya mtutu, sehemu yote iliyofunikwa na mbao, ni kutu nyekundu kama udongo wa Pugu. Maji yalishuka yakakaa kwenye mfereji wa mbao, hayakuwa na pa kutokea. Mbao ilikuwa imevimba na kuukumbatia mtutu upande wa kulia. Kutu ilisuguliwa, lakini vishimo vimebaki mpaka leo. Nyati nilikwenda kumwinda kwa bunduki ya kuazima.

Kwa hiyo mimi maji na bunduki ya mbao, hapana. Sisi tunaishi na chumvi ya bahari hewani, kutu haihitaji kualikwa.

Fundi_Chuma

Pole sana mkuu, na asante kwa kueleza. Ila tuseme ukweli, kilichokuponza ni kumimina kwa chupa na mfuko wa turubai. Mimi nasema kitambaa kilichokamuliwa, kisichodondosha hata tone, kinazungushwa kwenye nusu ya mbele ambako hakuna mbao. Ukimaliza unapaka mafuta. Bunduki hailali mfukoni.

Chui_wa_Rufiji

Na mimi nilianza na kitambaa, Fundi. Binadamu akiwa na haraka hakamui.

Kaskazi88

Ndiyo maana nasema pampu. Kavu, hakuna kutu.

Fundi_Chuma

Kavu? Hewa ya Dar ina maji kuliko supu. Ila kwa pampu ya godoro sina ugomvi, mtutu wa moto haupati umande. Msikubali tu upepo wa kompresa ya wajaza matairi. Tangi lile chini lina maji na mafuta machafu, ukipuliza unayapeleka yote ndani ya mtutu. Nimeona mtu akifanya.

Kaskazi88

Hilo nakubali. Swali lingine, nina kile kipimajoto cha kupima paji la uso cha wakati wa korona. Nikielekeza kwenye mtutu kinaniandikia alama tu, hakisomi.

Fundi_Chuma

Hicho kimewekewa mipaka ya joto la mwili, kikizidi 42 au 43 kinagoma. Tafuta cha mafundi wa majokofu. Na mtutu wa chuma kinachong'aa utakidanganya, kitasoma chini ya joto halisi. Bandika kipande cha utepe mweusi wa umeme, pimia hapo. Kumbuka pia joto la nje linaendelea kupanda kama dakika moja baada ya kuacha kupiga, maana moto unatoka ndani kuja nje. Sehemu inayoumia kweli ni koo, pale risasi inapoanzia safari, na hapo mkono wako haufiki.

Mzee_Kipapa

Vijana, hamjambo. Nimefanya kazi ya wanyamapori miaka mingi, nimesoma yote, na naona mnamnunulia kijana vitu asivyovihitaji. Kasema anakwenda kuwinda. Porini ataamka alfajiri, mtutu una umande, atatembea kwa muda wa saa nne, atapiga risasi moja. Labda mbili. Hiyo ya kwanza, ya mtutu baridi, ndiyo anayotakiwa kujua inakwenda wapi. Risasi ya kumi na tano ya saa saba mchana haimhusu yeye wala mnyama.

Piga tatu. Fungua boliti, weka kivulini, kaa dakika kumi na tano, ishirini. Piga tatu tena. Kama una raifo ndogo ya .22, piga hiyo wakati unangoja. Baruti yake ni kama sehemu ya kumi ya gramu, haipati moto wa kukusumbua, na kidole chako kinajifunza. Asubuhi moja inatosha. Nenda saa moja, saa nne jua likikaza funga virago.

Binti_Kisarawe

Shikamoo mzee. Umemaliza kila kitu.

Mzee_Kipapa

Marahaba binti.

Kaskazi88

Shikamoo mzee. Lakini si wote tunapata asubuhi nzima. Mimi nalipia saa moja.

Sajenti_Mstaafu

Nimechelewa lakini naomba mnisikilize kwa mambo mawili, nimesimamia renji.

La kwanza, usiache risasi ndani ya chemba yenye moto wakati unajipanga kulenga. Baruti inapata joto, msukumo unaongezeka, tundu linapanda, na mtutu ukiwa umechemka kupita kiasi, kama bombomu, bunduki ya rashasha, lililopigwa mfululizo, risasi inaweza kulipuka yenyewe. Ingiza risasi ukiwa tayari kupiga.

La pili, wengi mnasimamisha bunduki mdomo juu, boliti wazi, hewa ya moto ipande kama dohani. Ni njia nzuri na haina gharama. Ila kuna fremu yake nyuma ya mstari na kuna msimamizi, muulize kwanza. Watu wakiwa mbele wanabadilisha karatasi, hakuna kugusa bunduki, hata kuingiza mpira wa pampu. Hapo ndipo mimi naipenda ile feni ya chemba: ikiwa imekaa, kila mtu anaona kwa macho kwamba chemba ni tupu.

Kaskazi88

Sajenti, umetaja bombomu. Zile za zamani si zilikuwa na maji?

Sajenti_Mstaafu

Maxim, ndiyo. Lina gamba la chuma kuuzunguka mtutu, maji kama lita nne. Likipigwa dakika chache mfululizo yanachemka, unaona mvuke. Ndiyo waliyotumia Wajerumani na askari wao Tanga, Novemba 1914, vita ambayo wengi wanaikumbuka kwa nyuki waliowavamia askari. Bombomu la Lewis la Waingereza lenyewe lilipozwa kwa hewa, lina mapezi ya alumini.

Mzee_Kipapa

Na maji hayo porini yalibebwa vichwani. Wapagazi. Kijana anakwenda kununua pampu Kariakoo, na jina lenyewe la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza cha vita ileile. Walikufa wengi kuliko waliobeba bunduki. Pale mjini ile sanamu ya 1927 imemsimamisha askari na bunduki yake. Mimi nikipita pale humkumbuka aliyembebea maji.

Binti_Kisarawe

Mzee, umenigusa. Babu wa mama yangu alikuwa mpagazi, alichukuliwa Kilwa, nyumbani tunalo jina lake tu.

Chui_wa_Rufiji

Fungua uzi wake hilo dada, tuandike majina.

Mzawa_Kigamboni

Nimerudi wakuu. Nimepitisha noti. Imekwama upande wa kulia, vidole viwili kutoka ncha ya kitako. Nichukue msasa nipunguze?

Fundi_Chuma

Subiri! Baadhi ya watengenezaji huacha kinundu kwa makusudi karibu na ncha, mtutu ukalie hapo. Ukikiondoa bunduki inaweza kuwa mbovu zaidi. Kikiwa chini katikati, huenda ni cha kiwandani. Kikiwa upande mmoja tu, ni mbao imepinda. Mpelekee fundi mwenye leseni aangalie.

Chui_wa_Rufiji

Mimi ningepunguza. Yangu ilipunguzwa ikapona.

Fundi_Chuma

Yako ilivimba kwa maji, mkuu. Hii hatujui.

Mzawa_Kigamboni

Kwa hiyo pampu ninunue au nisinunue? Aliyeniwekea anataka jibu kesho.

Kaskazi88

Nunua. Hata isipopoza mtutu utajazia godoro.

Binti_Kisarawe

Kabla ya hela kutoka, hiyo noti uliipitisha mtutu ukiwa baridi, sivyo? Basi Jumamosi piga tatu, toa boliti, pitisha tena papo hapo. Ulete majibu ya zote mbili.