Tupeane uzoefu: wanaume wa Tanga, taarifa za lishe na mazoezi mtandaoni mnazipima vipi?

Mwanzisha mada, Ngamiani
Ndugu zangu, salaam. Mwanamume anayetafuta mtandaoni namna ya kupunguza kitambi au kujenga misuli hukutana na muuzaji kabla hajakutana na mwalimu, kwani video nyingi huanza na ushauri wa bure na kuishia na namba ya kuagizia unga, vidonge au alkasusu ya chupa. Ninaomba kila mmoja aeleze alipata wapi taarifa iliyomfaa na aliipimaje kabla ya kuifuata.

Nianze mimi. Huwa naangalia kama msemaji ananufaika nikimwamini, kisha naangalia kama anataja kiasi. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku 2 au zaidi. Ushauri wa namna hiyo unatekelezeka, na hata kubishiwa unabishika, kwa sababu una kipimo. Dakika zangu zinatimia kwa baiskeli ya kwenda na kurudi kazini na matembezi ya jioni Raskazone, wala hakuna ninayemlipa.

Fundi wa Chumbageni
Kaka, umegusa penyewe. Katika jim ninayofanyia mazoezi, kila kijana ana video yake ya kuthibitisha kwamba bila unga wa protini misuli haikui. Mimi niliingia PubMed, hifadhi ya muhtasari wa tafiti inayoendeshwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, ambayo kuitafuta ni bure. Kiingereza chake ni kigumu, lakini nilichokuwa nakitaka ni hitimisho tu, na kujua kama nasoma utafiti mmoja au uchambuzi wa tafiti nyingi zilizokusanywa pamoja. Uchambuzi wa mwaka 2018 uliounganisha tafiti 49 ulionyesha kwamba, kwa mtu anayenyanyua vyuma, faida ya kuongeza protini hufikia ukomo karibu na gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku.

Kwa mtu wa kilo 70 hizo ni gramu 112. Yai moja lina takriban gramu 6, samaki aliyepikwa wa gramu 100 hutoa gramu 20 na ushei, na kikombe cha maharage yaliyopikwa hutoa kama 15. Anayeamka mapema kwenda soko la Deep Sea anaweza kuifunga hesabu hiyo bila kopo lolote. Siukashifu unga, kwani nao ni chakula. Ninachopinga ni kuambiwa kwamba hauna mbadala.

Mkulima, Pangani
Hesabu ya ndugu Fundi ni nzuri, lakini programu za simu za kuhesabia chakula nilizowahi kuzijaribu zinaijua shayiri na samaki wa Ulaya, hazilijui bada, yaani ugali wa muhogo, wala mchuzi wa papa wa nazi. Sisi tunaokula hivyo tuandike nini?

Mama wa Makorora
Nisamehewe kuingia katika baraza la wanaume, lakini anayepika ni mimi. Kaka Mkulima, yako majedwali ya virutubisho vya vyakula vya Tanzania yaliyotolewa mwaka 2008 na Chuo Kikuu cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Chuo Kikuu cha Harvard, na yanapatikana mtandaoni bure. Humo mna ugali, kunde, dagaa na mboga zetu, hata vyakula vilivyokwisha pikwa. Mume wangu ana kisukari, na tangu niyapate tunabishana kuhusu ukubwa wa kipande cha mhogo kwa tarakimu. Pale nisipoelewa, humwuliza afisa lishe wa halmashauri.

Mstaafu, Mabawa
Wanangu, ninyi mnazungumzia misuli. Sisi wa umri wangu tunaletewa vidonge vya nguvu za kiume vinavyodaiwa kuwa ni mitishamba mitupu. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ina orodha ya wazi ya bidhaa za aina hiyo zilizopimwa zikakutwa zimetiwa kwa siri sildenafil, dawa ya hospitali ya nguvu za kiume, ambayo ikikutana na dawa za naitreti anazopewa mgonjwa wa moyo huweza kushusha presha kwa kiwango cha hatari. Nilitafuta jina la vidonge nilivyoletewa, halikuwemo. Hata hivyo orodha yenyewe inatahadharisha kwamba bidhaa zilizomo ni sehemu ndogo tu ya zilizoko sokoni, kwa hiyo kutokuwemo si kibali.

Nikampelekea mfamasia kile kiboksi. Akaniuliza kama kina usajili wa TMDA, mamlaka yetu ya dawa na vifaa tiba, kisha akaniambia jambo ambalo hakuna muuzaji aliyewahi kulitamka: kupungua kwa nguvu huweza kuwa dalili ya mapema ya kisukari au ya maradhi ya mishipa ya moyo. Nilikwenda kupima, na sukari ndiyo iliyokuwa juu. Vidonge vile sikuvifungua.

Kijana wa Mikanjuni
Shikamoo mzee. Mimi natumia kriatini, kirutubisho cha wanaonyanyua vyuma, gramu 3 hadi 5 kwa siku, kiasi kinachotajwa katika tafiti nyingi. Jambo ambalo video hazikuniambia, nami nikalikuta katika maandishi ya kitaalamu, ni kwamba kriatini inaweza kupandisha kidogo kipimo cha kriatinini katika damu, ambacho daktari hukitumia kupima figo, hata kama figo ni nzima. Kwa hiyo nilimweleza daktari kabla ya kutoa damu, naye akanitaka niiache kwanza kwa wiki kadhaa ndipo nipime. Majibu yakitoka nitayaweka hapa.